Elektrodi Nilizozisugua kwa Majivu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimechuchumaa nyuma ya maabara pale Kilosa, bakuli la majivu mbele yangu na stilwaya ya kusugulia masufuria mkononi, nasugua. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa nasugua kwa raha zangu, na wimbo naimba. Kama mtu angepita saa ile akaniambia kwamba kabla ya adhuhuri mtoto wa watu atafinywa kwa kosa langu, ningemcheka na kuendelea kusugua.

Sogeza kiti chako kivulini, jua la Mikumi halina adabu saa hizi. Mama yako ameniambia Jumatatu unaanza kazi pale pale nilipoanza mimi. Najua umeshapewa karatasi za maelekezo, sabuni kiasi gani na maji kiasi gani. Hayo utayasoma, una macho. Mimi nataka kukwambia lile lisilokuwemo kwenye karatasi. Halimo kwa sababu aliyelifanya ni mimi, na mimi sikwenda kuliandika.

Maabara yenyewe wakati ule ilikuwa vyumba viwili tu, na mradi ulikuwa wa kifafa. Kulikuwa na mashine ya kusoma umeme wa ubongo. Siku ya kwanza niliposikia habari ya umeme kichwani mwa mtu, nilidhani Mzee Athumani ananitania. Huyu Mzee Athumani alikuwa fundi wa maabara na ndiye aliyenifundisha kazi, mwenyeji wa Ruhembe, mwembamba, mpole, mwenye tabia mbaya moja: ukimdanganya, anakuacha umalize uongo wako wote kwa utulivu, halafu anakuuliza swali moja tu.

Alipoona siamini, alinikalisha kitini, akanivalisha kofia ya mpira yenye vitundu, na kwenye kila kitundu akachomeka elektrodi. Elektrodi ni kijisahani cha fedha, kidogo kama kifungo cha shati, kina waya nyuma. Zilikuwa ishirini na moja. Akawasha mashine. Karatasi ndefu ikaanza kutembea na kalamu zikaanza kuchora juu yake. "Fumba macho, Mwanaidi," akasema. Nikafumba. "Haya, fumbua." Nikafumbua. Akanionyesha karatasi. Mahali nilipofumba macho palikuwa na mawimbi madogo mazuri, yamepangana kama mistari ya jembe shambani. Mahali nilipofumbua, mawimbi yamekatika. Hakuna aliyeigusa kalamu. Ni mimi niliyeyachora yale, kwa kufumba macho tu, na sikuwa najua kwamba ninayo.

Nilinyamaza. Mimi, niliyeshindwa kunyamaza hata chuoni mbele ya fimbo ya ustaadhi. Niliondoka pale jioni natembea polepole, najishika kichwa, naogopa kukitikisa.

Kazi yangu ilikuwa kuziosha hizo elektrodi. Kila mgonjwa akimaliza, zinatoka zimeshikana na losheni nzito ya chumvi inayosaidia umeme kupita, na jasho, na mafuta ya nywele, na mara nyingine damu kidogo kama ngozi ilikwaruzwa. Zinatumika tena na tena, kwa hiyo uchafu wa mtoto huyu usimfuate mtoto yule. Sabuni yake si hii ya kufulia. Ni sabuni ya vimeng'enya. Mzee Athumani aliniambia, "Tumboni mwako kuna vitu vinavyokivunja chakula bila wewe kuvisikia. Vya humu ni ndugu zao. Vinakula damu, vinakula jasho. Wewe kazi yako ni kuviwekea maji vuguvugu na kuvipa muda. Usiviharakishe, na usiviunguze."

Nilitazama kile kibeseni. Maji yametulia, hakuna povu la maana, hakuna kelele. Baada ya muda ukizitoa elektrodi, uchafu uliong'ang'ania kama gundi unaachia wenyewe kwa brashi laini ya meno. Basi nilikuwa nakaa naviangalia vile vitu visivyoonekana vikifanya kazi. Wiki mbili nilifuata kila neno aliloniambia.

Wiki ya tatu Mzee Athumani alifiwa na kaka yake, akaenda msibani Ruhembe. Akaniachia ufunguo. Na siku ile ninayokusimulia alikuwa anakuja Daktari Furaha, bingwa wa kifafa, aliyekuwa anapita kwetu mara moja tu kila baada ya msimu wa mvua. Nilikuwa sijawahi kumwona daktari bingwa mwanamke. Nilitaka anione.

Sasa uelewe nilikotoka. Mimi nimezaliwa Ulaya. Si ya wazungu, usianze kucheka, hii yetu ya hapa Kilosa, ya mahindi na gulio. Kwa bibi yangu, msichana alipimwa kwa masufuria. Tulikuwa tunayapeleka mtoni, tunayasugua kwa mchanga na majivu mpaka unaona meno yako. Wifi zangu walipokuja kunitazama, hawakunitazama usoni. Waliingia jikoni wakapindua masufuria, wakaangalia matako yake, wakatoka wanatabasamu. Kwa hiyo mimi kitu kisichong'aa nilikuwa nakiona kichafu, na mwenye nacho nilimwona mvivu.

Na zile elektrodi hazikuwa zinang'aa. Ndani ya kila kijisahani kulikuwa na utando wa kijivu, umekolea kama moshi. Wiki mbili nilikuwa nauona na unanikera. Sikumuuliza Mzee Athumani ule utando ni nini. Nilijijibu mwenyewe kwamba ni masizi ya miaka, na kwamba mzee wa watu macho hayaoni tena vizuri. Asubuhi ile nikachukua birika linalochemka, nikalimimina lote kwenye sabuni ya vimeng'enya ili iwe kali zaidi. Utando haukutoka. Ndipo nikaenda jikoni kwa mlinzi kuomba majivu.

Zilitoka zinameremeta, mwanangu. Nilizipanga juu ya kitambaa cheupe, nikarudi nyuma hatua mbili kuzitazama. Nilivimba kichwa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto wa kike wa miaka saba, anaitwa Minza. Mama yake, tulimwita Mama Minza, alikuwa Msukuma, familia yao ilihamia Zombo na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Walitoka nyumbani gizani, kipande kwa miguu, kipande kwenye baiskeli ya jirani. Minza alikuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiwiko mpaka kiganja. Mama yake alieleza kwamba mtoto haanguki kama wengine. Anaduwaa. Yuko anaongea, ghafla macho yanaganda, kijiko kinabaki hewani, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Mara nyingi kwa siku. Siku moja aliduwaa akiwa anachochea kuni, mkono ukaingia motoni.

"Zahanati walimpa dawa," Mama Minza akasema, "lakini ndiyo kwanza anazidi."

Daktari Furaha akamwambia kwamba kuna kifafa cha namna hiyo, cha kuduwaa, na dawa inayowasaidia wengine inaweza kumzidishia mwenye hicho. Lakini hawezi kumbadilishia kwa kukisia. Lazima aone kwenye karatasi.

"Naomba uone, daktari. Baba yake amesema safari ni hii moja. Msipoona kitu, Minza haandikishwi shule. Atapelekwa Shinyanga kwa bibi yake, akae ndani, asituungulie." Alisema hivyo akiwa anamfungua mtoto kilemba, polepole, asimuumize.

Tukamvalisha kofia. Mimi mwenyewe ndiye niliyezipaka losheni elektrodi na kuzichomeka, haraka haraka kama fundi. Daktari akawasha mashine.

Kalamu zikatoka zinayumba. Moja inapanda mpaka inagonga ukingo, nyingine inashuka, nyingine inatetemeka tu pale pale. Karatasi ikajaa vurugu. Daktari akazima, akakagua nyaya, akawasha. Vile vile. Akahamisha plagi. Vile vile. Akaomba feni izimwe na redio ya mlinzi izimwe. Kalamu zikaendelea kuyumba.

Mimi nilishajua. Sikujua kwa nini, lakini nilijua nini kilikuwa tofauti na jana. Nikajikausha. Nyinyi vijana mnasema kuuchuna, basi niliuchuna barabara. Nikashika tambara nikawa nafuta meza iliyokuwa safi.

"Labda mtoto anatikisika," Daktari Furaha akasema, amechoka. "Minza, tulia kabisa, mama."

Wakarudia. Kalamu zikayumba. Mama Minza akainama, akamfinya mtoto paja. "Tulia, unaharibu mashine ya watu."

"Sijatikisika, mama," Minza akasema. Hakulia. Machozi yalishuka tu, na kichwa hakukigeuza hata kidogo, kwa sababu alishaambiwa asitikisike.

Nimezaa watoto wanne, nimezika mume, nimepitia mambo. Sauti ile bado ninayo. Mtoto yule alikuwa anasema kweli mbele ya watu wazima watatu, na mmoja wetu alikuwa anajua kwamba anasema kweli, na bado nilifuta meza.

Ndipo Mzee Athumani akaingia. Amerudi kutoka msibani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mama Minza akamwamkia, "Shikamoo baba," naye akaitika marahaba na kumshika mtoto begani. Daktari akampa pole ya msiba, kisha akamwambia mashine imekufa, itabidi mama arudi baada ya masika. Mama Minza akaanza kukunja kilemba.

Mzee Athumani hakugusa mashine. Aliivuta elektrodi moja kutoka kwenye kofia, akaifuta losheni kwa kidole gumba, akaielekeza dirishani. Ikametameta. Akanitazama. Na mimi safari hii sikumngoja anikamate na swali lake moja.

"Ni mimi," nikasema. "Nimezisugua kwa majivu. Mtoto hakutikisika."

Nilisubiri anitukane. Ningefarijika. Daktari Furaha alifumba macho, akayafumbua. Mzee Athumani alikaa kwenye stuli, akaiweka ile elektrodi kiganjani mwangu.

"Ule utando wa kijivu, Mwanaidi, ndio uliokuwa unasikia. Fedha tupu haitulii, inapiga kelele zake yenyewe. Tuliivalisha ule utando ili itulie isikie. Wewe umeuona ni uchafu. Hukuniuliza, hilo ni la ujana, tutalitengeneza. Lakini mtoto analaumiwa na wewe umesimama hapa na tambara. Hilo silijui tutalitengenezaje."

Hakupandisha sauti.

Halafu akaomba apewe muda wa saa moja na nusu. Daktari alikuwa anangojewa na gari la kwenda Mikumi, kuna wagonjwa wengine kule, na dereva alishapiga honi. Daktari akatoka nje akamwambia dereva akanywe chai. Mpaka leo namheshimu mwanamke yule kwa ile chai.

Tukaanza upya. Maji vuguvugu, nikayapima kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Sabuni mpya ya vimeng'enya, maana ile ya asubuhi nilishaiua kwa birika. Tukaziloweka ili majivu na mafuta ya vidole vyangu yaachie, tukazisuuza kwa maji safi ya chupa. Moja ikaonyesha wekundu wa shaba, maana fedha yake ilikuwa ya kupakwa juu tu. Nilikuwa nimesugua mpaka nimeitoboa fedha yote. Mzee Athumani akaiweka pembeni.

Kisha akachukua chumvi safi ya maabara akaikoroga kwenye bilauri ya maji. Akatoa betri kwenye tochi yake ya baiskeli. Betri ya kawaida, mwanangu, ile unayonunua dukani. Akaziunga nyaya za elektrodi zote upande mmoja wa betri, upande wa pili akaunga kipande kingine cha fedha, akavitumbukiza vyote ndani ya yale maji ya chumvi. "Njooni, tazameni," akasema, na akamwita Minza pia.

Tukainamisha vichwa juu ya bilauri, mimi, mtoto, na mama yake. Mwanzo hakuna kitu. Halafu fedha ikaanza kufifia. Kijivu kikaja, chembamba, kikatambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, kikakolea. Hakuna aliyekipaka. Chumvi, maji na betri ya tochi. Nilichokiondoa kwa jeuri asubuhi nzima kilikuwa kinarudi chenyewe mbele ya macho yangu, kimya kimya, wala hakikuwa na kinyongo na mimi. Minza akanishika kidole. Hakujua kwamba ni mimi niliyesababisha afinywe, au alijua na hakujali. Nilishukuru kwa yote mawili.

Nyaya zikaungwa pamoja, zikaachwa zipumzike kwenye maji ya chumvi zizoeane. Mama Minza akampa mtoto kipande cha muhogo. Mimi nikapiga magoti mbele ya Minza nikamwomba radhi, mama yake anasikia. Mama Minza alinitazama. Akasema, "Inuka, binti. Zioshe vizuri." Basi.

Tukamvalisha Minza kofia na elektrodi ishirini. Daktari akawasha mashine na kalamu zikashuka, zikatulia, zikaanza kuandika. Mawimbi madogo mazuri. Chumba kizima tulishusha pumzi. Daktari akampa Minza kipande cha karatasi akipulize, avute pumzi ndefu na kupuliza, bila kuacha, kama anayepooza uji. Mtoto akapuliza. Dakika ya kwanza, ya pili. Karibu na ya tatu karatasi ikasimama mkononi. Macho yake yakaganda.

Na kalamu zote, mwanangu, kalamu zote kwa pamoja zikaruka. Zikaenda juu na chini, juu na chini, mawimbi makubwa yanayolingana, kulia na kushoto, mbele na nyuma ya kichwa, kwa mpigo mmoja. Mtoto amekaa kimya kabisa. Mtu anayepita dirishani angesema amechoka tu. Na ndani ya kichwa kile kidogo kulikuwa na ngoma hiyo. Kisha kalamu zikaacha, zote, kwa pamoja, na Minza akaendelea kupuliza karatasi yake pale alipoishia.

"Umesikia kitu, mama?" Daktari akamuuliza mtoto.

"Hapana," Minza akasema. "Nimepuliza."

Mama yake aliweka kiganja juu ya ile karatasi iliyochorwa, akakiacha hapo. Alikuwa analia. "Kumbe si ukaidi," akasema. "Kumbe yuko mbali, hasikii."

Daktari akaandika dawa nyingine papo hapo. Baada ya masika walirudi. Aliyemleta safari hiyo ni baba yake, kwa baiskeli, na Minza alikuwa na sare ya shule imemzidi ukubwa.

Nilifanya kazi ile mpaka nikastaafu na kuhamia huku. Siku hizi mashine haina kalamu, mawimbi yanapita kwenye kompyuta, na kofia mtakazozikuta ni nzuri kuliko zetu. Lakini sabuni ni ile ile ya vimeng'enya, na maji ni yale yale ya vuguvugu.

Mwaka jana nilikwenda sokoni hapa Mikumi kununua mchele. Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, na pembeni binti yake ana daftari la shule. Anamwambia, "Rudia hapo, umeruka mstari." Bibi mmoja mzee aliyekaa nyuma ya gunia akaita, "Minza, mteja." Yule mama akanyoosha mkono kuchukua mfuko wangu. Mkono wa kushoto. Kovu kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Shikamoo mama," akaniambia.

Nikaitika marahaba. Sikumwambia kitu. Ningemwambia nini? Kwamba siku moja nilikaribia kumfanya afungiwe ndani kwa bibi yake Shinyanga kwa sababu napenda vitu vinavyong'aa? Nilisimama na mfuko wangu namsikiliza binti yake anasoma, mpaka wateja wengine wakaanza kunisukuma. Machozi yalinilenga. Nilikwenda nyumbani nikapika ule mchele na sikumwambia mtu ulitoka wapi.

Basi ninalokuusia ni hili. Utakutana na mengi kazini usiyoyajua, na mengine yataonekana kama uchafu. Uliza kwanza, hata kama anayejibu ni mzee mwenye macho mabovu. Kitu kinachofanya kazi kwa ukimya kiachie muda wake, usikimwagie birika kwa sababu wewe una haraka ya kusifiwa. Na siku utakayokosea, maana utakosea, usishike tambara. Sema saa ile ile, kabla mtu mdogo kuliko wewe hajaambiwa atulie. Mzee Athumani aliniambia hajui hilo tutalitengenezaje. Nimeishi miaka yote hii, na mimi sijajua bado.

Fungua kiganja. Hii ndiyo ile ya ishirini na moja, ile Mzee Athumani aliyoiweka pembeni. Tazama inavyong'aa mpaka leo, na haisikii kitu. Iweke kwenye droo yako pale maabara, mahali utakapoiona kila ukichukua brashi.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie mikono isiyo na haraka, akujalie ulimi mwepesi wa kusema ni mimi, na kila mtoto utakayemvalisha kofia ile, umwone siku moja sokoni, mzima, akikuamkia bila kukujua.